Mvua Ilinyesha Wapi? Kipimo cha Mvua na Hatima ya Udongo wa Kyela

Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, baada ya Swala ya Alfajiri, mzee mmoja wa msikiti wetu hapa Bujonde alibaki ameketi katika safu ya kwanza ilhali wenzake wamekwisha kuondoka. Alipoulizwa kama anaumwa, alijibu kuwa mwili wake ni mzima, ila shamba lake limekufa. Usiku ule mto ulikuwa umefurika na kuingia katika majaruba yake ya mpunga, na maji yalipopungua yaliacha nyuma mchanga uliofunika miche hadi ncha zake.

Kamati ya msikiti ilikwenda kutazama. Tulikuta mchanga unaofikia vifundo vya miguu, na katikati yake vipande vya mizizi na majani ya migomba ambayo haikuota katika shamba lile wala katika mashamba ya jirani. Kilichotushangaza ni kwamba usiku ule hapa Bujonde yalianguka manyunyu tu, yasiyotosha kujaza ndoo chini ya mchirizi wa bati. Mzee alisimama kando ya jaruba, akauliza swali moja: "Mvua iliyoleta mchanga huu ilinyesha wapi?"

Mmoja alisema Tukuyu. Mwingine alisema Ileje. Wa tatu akanyoosha mkono upande wa mashariki, kwenye milima ya Livingstone. Aliyepiga simu Tukuyu aliambiwa na nduguye kwamba huko ilinyesha mvua ya kawaida. Hapakuwa na mtu aliyeweza kujibu kwa uhakika.

Swali lile halikuwa la udadisi mtupu. Mbele ya kamati palikuwa na fedha kidogo za sadaka na uamuzi wa kufanya. Ikiwa mchanga ule uliletwa na dhoruba ya nadra, basi kuuzoa na kupanda upya ni kumsaidia Muislamu mwenzetu. Lakini ikiwa huko juu upo mteremko unaoliwa na mvua kila mwaka, basi fedha za waumini zingezolewa na maji msimu ujao, pamoja na jasho la mzee. Amana ya sadaka ilitutaka tujue mvua ilinyesha wapi, kiasi gani, na kwa kasi gani.

Maji huteremshwa kwa kipimo

Muislamu hapaswi kuona ajabu kwamba mvua ina kipimo. Qur'ani Tukufu inatueleza katika Suratul Hijr, aya ya 21, na katika Suratuz Zukhruf, aya ya 11, kwamba Allah (s.w.) huteremsha vitu kwa kadiri maalumu, na maji ya mbinguni ni miongoni mwavyo. Katika Suratur Ra'd, aya ya 17, tunaelezwa jinsi mabonde yanavyotiririka kila moja kwa kadiri yake, na mafuriko yakabeba povu juu yake. Mkazi wa bonde la Kyela akiisoma aya hiyo hahitaji mfano mwingine. Mfano wake anauona nyuma ya nyumba yake kila masika.

Ipo pia Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Imam Bukhari kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.). Mtu mmoja aliingia msikitini siku ya Ijumaa, Mtume (s.a.w.) akiwa anahutubu, akalalamikia ukame. Mtume akaomba, mvua ikanyesha wiki nzima. Ijumaa iliyofuata akaja mtu kulalamika kwamba sasa mali zinaharibika na njia zimekatika. Mtume (s.a.w.) akaomba mvua iende pembezoni mwa mji, kwenye vilima, mabonde na maoteo ya miti, isiwe juu yao. Mawingu yakapasuka, Madina ikabaki wazi, na pande zote mvua ikaendelea. Katika mapokezi mojawapo tunaelezwa kwamba hakuja mtu kutoka upande wowote ila alihadithia juu ya mvua kubwa.

Tulitafakari, ndugu msomaji, jambo hili la mwisho. Mji ulikuwa mkavu, kando yake kunanyesha, na watu wa Madina walijua hali ya mvua kwa sababu wasafiri wa kila upande walileta habari. Mvua si shuka moja linalofunika nchi sawasawa. Anayetaka kuijua lazima apate habari kutoka pande nyingi. Msingi wa elimu tunayoizungumzia leo ni huo.

Nchi yetu ni bakuli lenye ukingo mrefu

Bonde la Kyela limelala kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Uso wa ziwa uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Kutoka mjini Kyela hadi kilele cha Mlima Rungwe, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 50 tu, lakini kilele hicho kinakaribia mita 2,960. Upande wa mashariki milima ya Livingstone imesimama kama ukuta juu ya maji ya ziwa.

Upepo wa kusini-mashariki huvuka ziwa ukichukua unyevu, kisha hugonga milima na kulazimika kupanda. Ukipanda hupoa, na ukipoa huachilia maji. Ndiyo sababu pwani hii ya kaskazini ya ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania, na Aprili, wakati mikoa mingine inaanza kukausha mahindi, sisi tunatazama kingo za mito. Ukivuka milima hiyo ukashuka upande wa pili hadi nyanda za Usangu, unakuta nchi kavu yenye mvua chache, ambako mpunga hutegemea mifereji inayochota maji ya mito.

Mito yetu mikubwa, Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, huanzia kwenye miinuko hiyo na kumaliza safari yake katika tambarare yetu. Songwe peke yake hukusanya maji ya eneo la takriban kilomita za mraba 4,200, nusu yake ikiwa Tanzania na nyingine Malawi, na sehemu yake ya chini imekuwa ikihamahama mkondo hadi kuwasumbua watu juu ya mpaka wa nchi mbili. Mto ukiwa mlimani hukimbia na kubeba kila kitu. Ukifika kwetu kwenye ardhi tambarare huchoka, na aliyechoka huutua mzigo. Mzigo wenyewe ni udongo wa watu wengine.

Tusisahau kwamba mzigo huo una sura mbili. Tope laini lenye rutuba ndilo lililoyalea majaruba yetu na mchele wa Kyela unaosifika mpaka Dar es Salaam. Mchanga mzito ndio unaoyazika. Kwa mkulima wa mlimani, vyote viwili ni hasara: shamba lake linaondoka bila kuuzwa.

Tone la mvua linavyofanya kazi

Watu wengi hudhani kuwa mmomonyoko huanza pale maji yanapotiririka. Ukweli ni kwamba huanza pale tone linapogonga ardhi tupu. Tone kubwa la mvua ya dhoruba huvunja donge la udongo na kurusha chembe zake. Maji yanayotiririka hupata kazi nyepesi ya kubeba kilichokwisha kuvunjwa.

Mwaka 1965 Wamarekani wawili, Walter Wischmeier na Dwight Smith, walichapisha kanuni ambayo mpaka leo hutumika duniani kukadiria udongo unaopotea katika shamba, na mwaka 1978 wakaitoa upya ikiwa imeboreshwa. Kanuni hiyo huzidisha mambo sita: nguvu ya mvua ya kumomonyoa, wepesi wa udongo kumomonyoka, urefu wa mteremko, ukali wa mteremko, mimea inayofunika ardhi, na hatua za hifadhi kama vile matuta. Nguvu ya mvua nayo hupatikana kwa kuzidisha nishati ya matone na kasi ya mvua katika nusu saa iliyo kali kuliko zote za dhoruba hiyo. Kwa hiyo milimita 60 zilizonyesha polepole mchana kutwa na milimita 60 zilizoanguka kwa nusu saa si mvua moja, ijapokuwa daftari la siku litaandika namba ileile. Norman Hudson, aliyefanya utafiti katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, aliona kwamba mvua yenye kasi iliyo chini ya milimita 25 kwa saa haina madhara makubwa kwa udongo. Mzigo wa lawama uko kwenye zile dhoruba chache zinazozidi hapo.

Tanzania ina ushahidi wake. Huko Mpwapwa, katika miaka ya 1930, vipande vya ardhi vilipimwa kwa makini. Kipande kilichoachwa kitupu kilipoteza takriban tani 146 za udongo kwa hekta kwa mwaka, na nusu ya maji ya mvua ilikimbia juu ya ardhi. Kipande chenye vichaka visivyochungwa mifugo hakikupoteza karibu kitu, ingawa mvua ilikuwa ileile.

Huko Mgeta, katika milima ya Uluguru, tarehe 23 Februari 1970, ilinyesha mvua ya takriban milimita 100 kwa muda usiofikia saa tatu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala, Sweden, walihesabu maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000 yaliyotokana na dhoruba hiyo. Mengi yalianzia kwenye mashamba na nyasi. Yaliyoanzia msituni yalikuwa machache mno. Dhoruba moja, alasiri moja, iliondoa udongo uliochukua umri wa vizazi kujijenga.

Nasi wa Mbeya tuna habari yetu. Kuanzia mwaka 1958 mabonde mawili madogo ya milima ya Mbeya yalipimwa kwa miaka kadhaa, moja likiwa na msitu na jingine likilimwa na wakulima wadogo kwenye miteremko mikali. Wapimaji walitarajia maji mengi yakimbie juu ya ardhi katika bonde lililolimwa. Yaliyokimbia yakawa machache kuliko walivyodhani, kwa sababu udongo wa majivu ya volkano hunyonya maji kwa haraka. Hapa pana fundisho: huwezi kuchukua jibu la Mpwapwa au la Uluguru ukalibandika Rungwe. Kila mlima una tabia yake, na lazima upimwe wenyewe.

Wastani unavyodanganya

Tufike sasa kwenye kiini cha swali la mzee. Tuseme vijiji viwili vinatazamana kwenye mteremko mmoja. Kimoja kimepata milimita 80, kingine milimita 20. Anayetazama kwa mbali atasema eneo lile limepata wastani wa milimita 50. Kwa hesabu ya maji hajakosea. Lakini nguvu ya mvua ya kumomonyoa haipandi sawasawa na wingi wake. Hupanda kwa haraka zaidi. Tuifananishe, kwa mfano tu, na namba inayozidishwa kwa yenyewe. Themanini mara themanini ni 6,400. Ishirini mara ishirini ni 400. Wastani wa hizo mbili ni 3,400. Lakini hamsini mara hamsini ni 2,500 tu. Kwa kuchanganya vijiji viwili katika kapu moja tumepoteza zaidi ya robo ya nguvu ya mvua, na tumemficha yule ambaye shamba lake limeondoka. Kijiji chenye milimita 80 kitaambiwa kuwa hakina tatizo kubwa, na kile chenye 20 kitapelekewa makinga maji kisiyoyahitaji.

Kwa kuwa kanuni ya Wischmeier na Smith ni ya kuzidisha, kosa la mvua huingia moja kwa moja katika jibu. Ukikadiria nguvu ya mvua nusu ya ilivyo, utakadiria udongo unaopotea nusu ya ulivyo, hata kama vipimo vingine vyote ni sahihi. Na vipimo hivyo vingine siku hizi ni vizuri sana. Miinuko ya dunia ilipimwa kutoka angani mwezi Februari 2000, na ramani zake huonesha kila umbali wa takriban mita 30. Setilaiti za Ulaya zilizoanza kurushwa mwaka 2015 huonesha mimea kwa vipande vya mita 10. Mvua ndiyo iliyobaki nyuma. Ni sawa na fundi anayeshona kanzu kwa kupima shingo ya mwenye kanzu kwa uzi, kisha akakisia urefu wake kwa kutazama watu wa mtaa mzima.

Kipima mvua na jicho la angani

Chombo cha asili ni kipima mvua, mtungi wenye mdomo usiozidi sana upana wa kiganja. Husema kweli, lakini husema kweli ya pale kiliposimama. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hupendekeza angalau kipima mvua kimoja kwa kila kilomita za mraba 250 katika milima, na kimoja kwa kilomita za mraba 575 katika nyanda za bara. Mlima hudai vingi zaidi, kwa sababu huko mvua hubadilika baada ya kila kona. Mwaka 2017 wanasayansi walikokotoa kwamba midomo ya vipima mvua vyote duniani ambavyo takwimu zake zinapatikana, ikiwekwa pamoja, haijazi hata nusu ya kiwanja cha mpira wa miguu. Kwa kiwanja hicho ndipo tunapoijua mvua ya dunia nzima.

Pengo hilo limezibwa kwa setilaiti. Mwaka 1997 Marekani na Japani zilirusha setilaiti ya kwanza yenye rada ya kupima mvua ya nchi za joto. Takwimu zilizotokana na mradi huo ziligawa nchi kwa miraba yenye upande wa takriban kilomita 27. Kwetu sisi maana yake ni kwamba toka ufukweni mwa ziwa hadi kilele cha Rungwe ni miraba miwili tu: mizengwe ya mawingu, maporomoko, mashamba ya chai, migomba na majaruba, vyote vimepewa namba mbili. Mwaka 2014 ilifuata setilaiti nyingine, na mraba ukapungua hadi takriban kilomita 11, kwa kila nusu saa. Takwimu ziitwazo CHIRPS, zilizotayarishwa na watafiti wa California, huanzia mwaka 1981 na zina miraba ya kilomita tano na ushei. Zile za TAMSAT, za Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, zilizotengenezwa mahsusi kwa Afrika, huanzia mwaka 1983 na zina miraba ya takriban kilomita 4.

Lakini udogo wa mraba haumaanishi ukweli wa namba. Kukata mkate vipande vidogo hakuongezi mkate. Takwimu nyingi za setilaiti hukisia mvua kwa kupima ubaridi wa kilele cha wingu: wingu refu lenye kilele baridi huhesabiwa kuwa na mvua. Mvua inayotoka katika mawingu mafupi yaliyokumbatia mteremko, kama tunayoiona Rungwe, inaweza kupita bila kuhesabiwa kikamilifu. Zipo pia mvua zinazomalizika kabla ya setilaiti kupita.

Njia iliyo bora ni kuvioanisha viwili hivi. Setilaiti huonesha umbo la mvua juu ya nchi. Kipima mvua husahihisha kiasi chake. Kisha huongezwa elimu ya mahali: urefu wa mlima, upande unaotazama upepo, umbali kutoka ziwani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kwa kushirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, imeunganisha takwimu za vituo vyake na za setilaiti kwa namna hiyo. Ubora wa kazi kama hiyo hutegemea vituo vilivyopo ardhini. Penye kituo, ramani husahihishwa. Pasipo na kituo, ramani hukisia. Mwaka 2017 ilipochapishwa ramani ya dunia ya nguvu ya mvua ya kumomonyoa, ilitumia vituo 3,625 vya nchi 63, na vya Afrika vilikuwa vichache. Bara ambalo dhoruba zake ni kali ndilo lililotoa habari chache.

Tuliotangulia walipima

Kupima maji si jambo geni kwa umma huu. Mwaka 247 Hijria, sawa na 861 Miladia, katika zama za Khalifa al-Mutawakkil, ilijengwa nguzo ya kupimia Mto Nile katika kisiwa cha Rawdha, Cairo. Nguzo hiyo ya marumaru, iliyochorwa alama za dhiraa, ipo mpaka leo. Kila mwaka kimo cha maji kiliandikwa, na kwa kimo hicho watawala walijua kama mavuno yatatosha na kama wananchi wanaweza kulipa kodi ya ardhi. Kumbukumbu za vimo vya Nile zilizohifadhiwa kwa karne nyingi zilimwezesha Mwingereza Harold Hurst, katika karne ya 20, kugundua kwamba miaka ya neema na ya ukame ina kawaida ya kufuatana kwa makundi. Nguzo ile ilikuwa ni uadilifu: mkulima asidaiwe kodi ya maji ambayo hayakufika shambani kwake. Mto mmoja huweza kupimwa kwa nguzo moja. Mvua huhitaji nguzo nyingi ndogo.

Nyumba na msikiti vinaweza kufanya nini

Hapa ndipo familia zetu zinapoingia. Kipima mvua cha kawaida hakihitaji umeme wala shahada. Chombo chenye pande zilizonyooka, mdomo na kitako vikiwa na upana mmoja, kinatosha kuanzia. Kiwekwe mahali pa wazi, mbali na mti au nyumba kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti au nyumba hiyo, na mdomo wake uwe umelala sawasawa. Kila siku saa 3 asubuhi, wakati uleule unaotumiwa na vituo vya hali ya hewa, pima kina cha maji kwa rula, andika, kisha mwaga. Siku isiyo na mvua andika sifuri. Usiache wazi, kwa sababu nafasi tupu haisemi kama hakukunyesha au mwandishi alisahau.

Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba. Kwa ekari moja hiyo ni takriban lita 4,000, yaani ndoo 200 za lita 20. Dhoruba ya milimita 50 humwaga katika ekari moja ndoo 10,000. Mtoto wa madrasa akifanya hesabu hiyo mwenyewe ataelewa kwa nini mteremko ulio wazi hauwezi kustahimili.

Misikiti ina neema moja ambayo taasisi nyingi hazina: inajua saa. Muadhini anaamka kabla ya watu, na mara tano kwa siku hutazama wakati. Tumesema kuwa nguvu ya mvua imo katika kasi yake. Msikiti unaosoma kipima mvua saa 3 asubuhi, na tena katika Adhuhuri, Alasiri, Magharibi na Isha siku za dhoruba, na kuandika mvua ilianza lini na kukoma lini, unatoa habari ambayo daftari la siku haliwezi kuitoa. Waumini wa Bujonde, Ipinda, Kyela mjini, Kasumulu na Tukuyu wakiandika kwa utaratibu mmoja, na majirani zetu Wakristo wakafanya hivyo katika makanisa na shule zao, kutakuwa na mstari wa vipimo kutoka ziwani hadi mlimani. Udongo hauulizi dini ya mwenye shamba. Daftari kama hilo halichukui nafasi ya kituo rasmi. Likiandikwa kwa uaminifu, lina faida kwa ofisi ya kilimo ya wilaya, kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, na kwa watu wa hali ya hewa. Na kuandika namba ambayo hukuisoma ni uongo, hata kama ni milimita mbili.

Pamoja na hayo, tusijidanganye kwamba kupima ni kutibu. Kanuni tuliyoieleza hukadiria udongo unaotoka juu ya shamba. Haihesabu kingo za mto zinazoanguka wala makorongo. Na kinachouzuia udongo ni mimea, matuta yanayokata mteremko, nyasi kwenye kingo, na kutolima hadi ukingoni mwa mto. Kipimo hutuonesha pa kuanzia, ili nguvu chache tulizonazo zisitawanywe.

Kamati iliamuaje

Kwa yule mzee tuliamua kwa tahadhari. Vijana walizoa mchanga katika nusu ya majaruba iliyofunikwa kidogo, na mfuko wa sadaka ukanunua mbegu. Nusu ya pili, iliyo karibu na mto, haikupandwa mpunga. Imeachwa matete na majani yashike kingo, mpaka tujue kama mchanga utarudi. Mzee aliukubali uamuzi huo, lakini hakuufurahia, na sikumlaumu. Kwa mwenye familia, nusu ya shamba ni nusu ya chakula.

Katika uwanja wa msikiti tuliweka kipima mvua. Mjukuu wake wa kike, mwanafunzi wa madrasa, ndiye msomaji, na daftari liko katika kabati la misahafu midogo. Mwezi mmoja baadaye mto ulijaa tena. Daftari lilionesha milimita 4 hapa Bujonde. Kwa hiyo sasa tunajua, kwa maandishi, kuwa mvua ile haikuwa yetu. Upande wa pili wa swali, yaani ilikuwa ya nani, utajibiwa siku wenzetu wa miinuko ya juu watakapokuwa na daftari lao. Nimekwisha kuwaandikia barua misikiti miwili ya huko.

Mtume (s.a.w.) alipoiona mvua alikuwa akimuomba Allah aifanye yenye manufaa. Nasi tuombe hivyo, na saa 3 asubuhi tukaisome. Wabillahi tawfiq.